Mahitaji si soko: Kiswahili cha uchumi kinavyompoteza mwanafunzi

KATIKA Soko la Marikiti hapa Machakos, msimu wa maembe unapofika kilele, utawasikia wachuuzi wakilalamika: "Mzigo ni mwingi, soko hakuna." Maneno matano tu. Hakuna kitabu kilichofunguliwa wala mchoro uliochorwa ubaoni, lakini kanuni kongwe ya elimu ya uchumi imeshaelezwa: bidhaa imefurika, walio tayari kuinunua ni wachache, na kabla ya jua kutua bei itaanguka.

Sasa sikiliza habari za biashara kwa Kiswahili jioni iyo hiyo. Utaambiwa kwamba "ugavi umezidi mahitaji". Ni Kiswahili sanifu, sikatai. Lakini hebu tuulizane: ni kweli kwamba watu hawahitaji maembe? Na huyo mkulima anayeyarudisha nyumbani yakiwa yameanza kuoza, amemgawia nani nini?

Hoja yangu leo ni hii: Kiswahili tunachokitumia kufafanua misingi ya uchumi kimeundwa, kwa sehemu kubwa, kwa kutafsiri majina ya dhana badala ya kuzitazama dhana zenyewe. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayejitahidi kukifuata hupotea, na mwananchi anayetaka kuihoji serikali yake hukosa maneno ya kuihoji.

Tukumbuke mazingira ya mwanafunzi huyu. Somo la Biashara katika shule ya upili hulisoma kwa Kiingereza. Akifika chuo kikuu, Uchumi huusoma kwa Kiingereza pia. Lakini akitoka darasani hukutana na mambo yayo hayo kwa Kiswahili: redioni, gazetini, katika hotuba za wanasiasa, na nyumbani anapojaribu kumweleza mzazi kile anacholipiwa karo kukisoma. Daraja la kumvusha kutoka lugha moja hadi nyingine ni istilahi. Daraja likiwa bovu, atakariri upande mmoja na kubahatisha upande wa pili.

Tuanze na mlango wenyewe wa somo. Elimu ya uchumi hugawanywa pande mbili, maikro na makro. Mgawanyo huo wa majina haukutoka mbali sana. Mwanauchumi wa Norway, Ragnar Frisch, ndiye aliyeutumia mwaka wa 1933 alipokuwa akichambua misukosuko ya uchumi. Viambishi hivyo ni vya Kigiriki. Kimoja kina maana ya kidogo, cha pili kina maana ya kikubwa. Watafsiri wetu wakachukua kamusi, wakatupa "uchumi mdogo" na "uchumi mkubwa".

Sikio la Mkenya husikia nini hapo? Tuna "biashara ndogo ndogo". Tuna "mkulima mdogo". Kwa hivyo ukimuuliza mwanafunzi "uchumi mdogo" ni nini, yamkini atakujibu kwamba ni ule wa mama mboga na mwendeshaji bodaboda, ilhali "uchumi mkubwa" ni ule wa viwanda vya saruji kule Athi River. Jibu hilo linafuata mantiki ya Kiswahili barabara, na kiuchumi ni kosa tupu.

Kiwanda cha saruji kinapoamua kiuze mfuko kwa bei gani, kiajiri vibarua wangapi, na kifanye nini mpinzani wake akipunguza bei, hayo yote ni maikro, hata kama kiwanda chenyewe kina thamani ya mabilioni. Naye mama mboga, mapato yake yakijumlishwa na ya kila mfanyabiashara nchini kupata pato la taifa, ameshaingia katika makro, hata kama kibanda chake hakitoshi watu wawili. Tofauti haiko katika ukubwa wa mtu wala wa mfuko wake. Iko katika jicho la mtazamaji. Mfugaji anaweza kumkagua ng'ombe mmoja, meno, kwato na maziwa. Anaweza pia kusimama mlangoni akalitazama zizi zima na kuuliza kama linakua au linapungua. Ng'ombe ni wale wale.

Ndiyo sababu naona afadhali tuseme "uchumi wa sehemu" na "uchumi jumla". Hili la pili si langu. Wenzetu wa Tanzania wanalitumia tayari. Mtu akiniambia kwamba "jumla" sokoni ni kununua kwa wingi ili kuuza rejareja, nitamwambia maana hiyo haidhuru. Anayenunua kwa jumla hachambui embe moja moja. Huutazama mzigo wote kwa pamoja.

Tuje kwenye neno "mahitaji", ambalo ndilo lenye madhara zaidi. Kuhitaji katika Kiswahili ni kuwa na haja ya kitu. Mgonjwa anahitaji dawa awe na pesa au asiwe nazo. Lakini kile ambacho Waingereza hukiita 'demand' si haja tu. Ni kutaka kitu pamoja na kuwa na uwezo na utayari wa kukilipia kwa bei fulani. Asiye na pesa, kwa lugha ya uchumi, hana 'demand' hata akizimia kwa njaa. Ni dhana kavu, ya kikatili hata, lakini ndiyo dhana yenyewe, na ukavu wake ni sehemu ya maana yake.

Sasa mfundishe mtoto kwa Kiswahili kwamba "bei ikipanda, mahitaji hupungua". Mtoto mwerevu atauliza: mwalimu, unga ukipanda bei, ndugu zangu watahitaji chakula kidogo? Ana haki ya kuuliza. Haja haijapungua hata chembe. Kilichopungua ni kiasi kinachonunuliwa. Neno tulilompa limemficha tofauti ile ile ambayo somo zima limejengwa juu yake.

Tofauti hii si mchezo wa wasomi. Mwaka wa 1981 Amartya Sen, mwanauchumi wa India ambaye baadaye, mwaka wa 1998, alitunukiwa Tuzo ya Nobel, alichapisha kitabu kuhusu umaskini na baa la njaa. Aliichunguza njaa ya Bengal ya mwaka wa 1943 iliyoua watu wapatao milioni tatu, akaonyesha kwamba chakula kilichokuwapo hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo hivyo. Kilichotokea ni kwamba vibarua, wavuvi na mafundi walipoteza uwezo wa kukipata. Mahitaji yalijaa kila kijiji, soko halikuyaona.

Watu wa Ukambani hawakumngoja Sen kuijua tofauti hiyo. Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa kubwa jina lake, na majina hayo ni maktaba nzima. Njaa iliyoikumba nchi hii mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilisambaa kila mahali. Njaa ya mwaka wa 1984, mvua ndefu ilipokosekana na serikali ikalazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, waliiita Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama kusema: nakufa na pesa zi mkononi.

Tazama uchambuzi uliomo ndani ya jina hilo. Uwezo wa kununua upo, bidhaa haipo. Huo ni upande wa pili wa njaa aliyoieleza Sen, ambapo bidhaa ipo na uwezo haupo. Mwalimu akiyaweka mabaa hayo mawili ubaoni bega kwa bega, atakuwa amefundisha pande zote mbili za soko kwa nusu saa, na hakuna mwanafunzi wa Mwala au Yatta atakayesahau. Aidha atakuwa amewaonyesha kwa nini tiba zake hazifanani: ile ya kwanza huponywa kwa kuleta mahindi, ile ya pili kwa kumpa mtu kipato au kumlipa kibarua. Serikali isiyojua inakabiliana na njaa ipi huweza kutumia mabilioni ikaambulia patupu.

Nalo neno "ugavi"? Limetokana na kugawa. Anayegawa huwa nacho tayari, naye hukitoa. Lakini katika uchumi, kuwapo kwa bidhaa si sawa na kuwapo kwa mtu aliye radhi kuiuza. Swali ni: kwa bei ipi?

Historia ya Machakos ina mfano usio na kifani. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilidai kwamba mifugo ya Wakamba imezidi, inaharibu ardhi, kwa hivyo ni lazima ipunguzwe. Ng'ombe wakatwaliwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakati uo huo, kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimeanzishwa Athi River, nacho kilitaka ng'ombe wa bei rahisi. Afisa wa kikoloni aliyeangalia malisho aliona ng'ombe tele. Kwa Kiswahili cha leo tungesema "ugavi" ulikuwa mkubwa. Mwenye ng'ombe hakuona hivyo. Ng'ombe kwake alikuwa mahari, akiba na bima ya mwaka wa ukame, na kwa bei ile hakuwa tayari kuuza hata mmoja.

Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Mbingu mwenyewe alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasitishwa. Leo wengi hupita katika barabara yenye jina lake jijini Nairobi bila kujua kwamba, pamoja na siasa, mzee huyo alikuwa akitetea kanuni ya msingi kabisa: pasipo hiari ya muuzaji hakuna ugavi, kuna unyang'anyi, na soko lenye mnunuzi mmoja mwenye bunduki si soko.

Usidhani fikra ya ugavi kama kugawa ilikufa na wakoloni. Mnamo Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ingeuzwa kwa shilingi 100 badala ya takribani 205, nayo ingewafidia wasagaji. Tangazo lilikuwa tamu. Lakini madukani pakiti za shilingi 100 zikawa adimu, watu wakazunguka na noti mikononi. Bei unaweza kuitangaza jukwaani. Utayari wa msagaji kusaga na wa mwenye duka kuweka akiba huwezi kuutangaza.

Hadi hapa tumekuwa katika uchumi wa sehemu. Tuvuke sasa twende kwenye uchumi jumla, na tuvuke na mbuzi.

Ukame unapoingia, kaya moja ikauza mbuzi ili inunue mahindi, imefanya jambo la busara. Mbuzi angekonda, labda afe. Lakini ukame haumwendei mtu mmoja. Kaya zote za Kitui, Makueni na Machakos zikifikiria jambo lilo hilo la busara, soko la mifugo litajaa mbuzi waliokonda siku moja, bei yao itaanguka, na bei ya mahindi itapaa kwa kuwa wote wanayakimbilia. Mbuzi aliyekuwa akileta gunia sasa analeta magorogoro machache. Hakuna aliyekosea hesabu yake, na wote wameumia.

Hapo ndipo elimu ya uchumi jumla inapozaliwa: lililo kweli kwa mmoja linaweza kuwa si kweli kwa wote kwa pamoja. Mwingereza John Maynard Keynes, katika kitabu chake cha mwaka wa 1936, alitumia fikra hiyo kueleza mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ile. Mtu mmoja akibana matumizi, akiba yake huongezeka. Nchi nzima ikibana matumizi kwa mpigo, maduka hukosa wateja, wafanyakazi hufutwa, na mwishowe hata ile akiba haipatikani. Methali yetu kwamba haba na haba hujaza kibaba ni kweli tupu katika uchumi wa sehemu. Katika uchumi jumla inahitaji tahadhari. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba makro ni "uchumi mkubwa" hawezi kuliona hili, kwa sababu atadhani jumla ni sehemu iliyonenepa tu.

Neno jingine ni "mfumuko wa bei", au "mfumko" kama wengi tunavyosema huku Kenya. Hili, tofauti na yale mengine, ni neno zuri sana. Kosa ni la sisi tunaolitumia. Kufumuka ni kwa kitu kilichoshonwa: mshono ukifumuka, uzi huachia mahali pengi. Ndivyo hasa ilivyo. Nyanya zikipanda bei kwa sababu mvua imezifisha mashambani, huo si mfumuko, ni nyanya zimepanda bei. Mfumuko ni pale uzi wenyewe, yaani thamani ya shilingi, unapoachia, bei zikapanda karibu kila mahali na kuendelea kupanda.

Waliokuwa watu wazima mwaka wa 1993 wanaujua mfumuko kwa majina yake. Mwaka huo ulifikia wastani wa takribani asilimia 46, baada ya pesa nyingi kumwagwa katika msimu wa uchaguzi wa 1992. Noti ya shilingi 500 watu waliibatiza Jirongo. Hakuna mdudu aliyeshambulia nyanya, mahindi, nauli na sabuni kwa wakati mmoja. Kilichougua ni shilingi.

Waandishi wa habari nao huongeza utata mwingine. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7. Vichwa vya habari vikasema mfumuko umeshuka, na mwananchi akauliza kwa hasira: umeshuka wapi, mbona bei dukani ni zile zile au zimezidi? Serikali ikaonekana inadanganya, mwananchi akaonekana mjinga. Wote wawili walikuwa sawa. Mfumuko ni mwendo, si kimo. Matatu inayopanda milima ya Mua ikipunguza kasi, haijaanza kuteremka. Bado inapanda, ila polepole. Ni sentensi moja tu ya ufafanuzi, na mhariri hawezi kukosa nafasi ya kuiweka.

Nimalizie orodha na istilahi ambayo ni bora tuiache kabisa: "gharama ya fursa". Imetafsiriwa neno kwa neno. Mwulize Mkenya yeyote gharama ya fursa ni nini, atakwambia ni kile unachotoa ili upate nafasi, labda ya kazi, na huenda akakukonyeza jicho. Dhana yenyewe ni kinyume. Ni thamani ya kile bora ulichokiacha ulipochagua kingine. Mzazi akiuza shamba kulipa karo, gharama halisi si shilingi alizolipa tu, bali ni mavuno ambayo shamba lile lingempa. Wahenga waliposema njia mbili zilimshinda fisi, walikuwa wameshalijua tatizo hilo. Tungesema "thamani ya kilichoachwa", hata mtoto angeelewa.

Na hapa Machakos tuna ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kuzaa istilahi nzuri kikipewa nafasi. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya hii, ikijumlisha Makueni. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka kutoka takribani 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takribani milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado ardhi ambayo wakoloni waliitabiria maangamizi ikawa imehifadhiwa vizuri zaidi kuliko zamani. Wakulima, wengi kupitia vikundi vyao vya mwethya, walichimba matuta. Walihesabu: siku ya kuchimba ni siku usiyokwenda kutafuta kibarua Nairobi. Hiyo ndiyo thamani ya kilichoachwa. Waliona tuta linashinda, wakachimba.

Matuta yale yanaitwaje? Yanaitwa "fanya juu", kwa sababu unachimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Ukiutupa upande wa chini, ni "fanya chini". Leo wataalamu wa udongo wa mataifa mengine huyaandika maneno hayo katika ripoti za Kiingereza jinsi yalivyo, bila kuyatafsiri. Hakuna kamati iliyokaa kuyabuni. Yalitoka kwenye jembe, na kila anayeyasikia anajua afanye nini.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao si nyepesi. Watasema kwamba istilahi ni makubaliano tu. Mbona "kazi" katika fizikia haina maana ya kazi tuijuayo, na wanafunzi hawafi? Kweli. Mwanafunzi anaweza kufunzwa kwamba "mahitaji" darasani si mahitaji ya nyumbani. Ndiyo maana sipendekezi tuyatupe yote. "Mahitaji" yabaki, lakini tuseme "mahitaji ya soko" kila tunapoyatofautisha na mahitaji ya watu. "Ugavi" ubaki, mradi kila mwalimu aufasili kama kiasi ambacho mwenye mali yu radhi kukiuza kwa bei fulani. Ila fizikia ina faida moja ambayo uchumi hauna: jiwe halipigi kura. Mkanganyiko wa neno "kazi" haupandishi bei ya mkate.

Wengine watasema Kiswahili cha sokoni si sanifu, hakifai chuo kikuu. Hao ningewauliza kama Adam Smith, alipoandika mwaka wa 1776, alitumia maneno ya mbinguni. Bei, faida, ujira na kodi ya ardhi yalikuwa maneno ya mtaani kwake. Usomi ulikuja katika kuyapima na kuyawekea mipaka, si katika kuyakwepa.

Na kama kuna anayeona hili ni suala la lugha tu, akumbuke Juni 2024. Mswada wa Fedha uliwasilishwa bungeni kwa Kiingereza cha kisheria, ukipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 kwa magari. Walioufafanua kwa umma kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama walikuwa vijana, mitandaoni, bila ya mshahara. Ulipoeleweka, nchi ikatikisika, damu ikamwagika, na Rais akakataa kuutia saini. Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na katika Kifungu cha 201 inadai uwazi na ushirikishi wa umma katika masuala ya fedha. Umma utashirikishwaje katika jambo ambalo maneno yake yanawapoteza hata waliosoma?

Kazi basi igawanywe. Wahariri wa habari za uchumi waache kuita kila bei iliyopanda mfumuko. Wanaotayarisha mitaala na kamusi waende sokoni kabla ya kwenda kwenye kamusi ya Kiingereza. Nao walimu wa Biashara na wa Kiswahili, ambao aghalabu hukaa katika chumba kimoja cha walimu bila kuulizana lolote, wakae meza moja.

Wanaweza kuanza na swali hili, ambalo natamani kuliona katika karatasi ya mtihani: Eleza kwa Kiswahili, bila kutumia istilahi yoyote ya kitabuni, kwa nini bei ya mbuzi huanguka wakati ule ule bei ya mahindi inapopanda. Atakayelijibu vizuri atakuwa amefaulu masomo mawili.